Nimeambiwa nina uvimbe kwenye neva ya sikio, sio kansa. Kuna mwenzangu humu?

fundi_swichi:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana huku mtaani sina wa kumuuliza, kila ninayemwambia hajawahi kusikia kitu kama hiki.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, niko Dodoma, umri 41. Sikio la kushoto lilianza kupiga mlio mwaka juzi, ule mwembamba wa tiiiii usiokata, nikajua tu ni hizi mashine za kutobolea ukuta. Baadae nikawa nikiweka simu kushoto nasikia mtu anaongea lakini maneno siyashiki, nikihamishia kulia nasikia freshi. Hospitali ya kwanza wakanisafisha nta, ya pili wakasema ni maambukizi wakanipa antibayotiki, mlio uko pale pale. Nilivyoanza kuyumba nikishuka ngazi ndio nikakutana na daktari mmoja wa masikio, kijana mdogo tu Mungu ambariki, akanipima usikivu sikio moja moja akaona kulia kuko sawa ila kushoto kumeshuka vibaya, akasema tofauti ya namna hii hatuiachi mpaka tupige MRI ya kichwa yenye dawa ya kuchoma kwenye mshipa. Majibu yametoka, uvimbe wa milimita 14, wameandika shwanoma ya vestibula. Kaniambia sio kansa, hausambai, tutarudia picha baada ya miezi sita tuone kama unakua.

Sasa hapo ndio sijaelewa, yaani nikae na uvimbe kichwani nausubiri ukue? Kaka yangu ameshaanza kuchangisha ukoo ili niende India hata kesho, mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu, mke wangu analia kila akiniangalia. Na mimi kazi yangu ni ya kupanda ngazi. Kama kuna mtu humu anao au alikuwa nao naomba aniambie ukweli, sio wa kunipa moyo tu.

wa_kando_ya_superhighway:

Pole sana bro, karibu kwa club yenye hakuna mtu aliomba kujoin. Mimi niko Kiambu na ninao upande wa kulia, miaka kadhaa sasa na bado sijakatwa.

Kwanza hiyo ya kusubiri sio ati daktari amekosa la kufanya. Hizi vitu hukua polepole sana, wastani ni milimita 1 ama 2 kwa mwaka, na kuna nyingi hukaa tu vile zilipatikana, zingine hata hunywea kidogo. Wangu ulisonga kidogo mwaka wa kwanza halafu ukatulia. Kwa hivyo picha moja haiwezi kukuambia huo wako ni wa aina gani, ndio maana wanataka ya pili. 14 mm bado ni mdogo. Swali la kumuuliza daktari ni kama umebaki ndani ya mfereji wa mfupa wenye neva hupitia ama umeshatoka, na kama umetoka, umegusa shina la ubongo, ile sehemu ya chini inaunganisha ubongo na uti wa mgongo? Hapo ndio mazungumzo hubadilika. Zikipita sentimita 3 ama zianze kusukuma shina la ubongo, huko kusubiri kunaisha na wengi hupelekwa theatre.

Lakini nisikudanganye vile umesema hutaki kudanganywa. Usikivu unaweza kuendelea kushuka hata kama uvimbe haujaongezeka hata nukta. Mimi nilipoteza ya kulia karibu yote nikiwa kwa hiyo hiyo kusubiri. Na hata wale waliofanyiwa upasuaji ama mionzi hawarudishiwi masikio yenye yalienda, hiyo toa kwa hesabu kabisa, matibabu ni ya kuzuia mbele sio kurudisha nyuma.

Kitu kingine, hiyo CD ya MRI ilinde kuliko title deed. Usiwaachie hospitali. Picha ijayo fanya na dawa hivyo hivyo, na uwaambie wafananishe na ile ya KWANZA, sio ya mwisho peke yake, kwa sababu milimita moja kila mara mtu anaweza kuiona kama hakuna kitu kumbe kutoka mwanzo zimejumlika. Na pima usikivu kila ukipiga picha.

mti_shamba_asilia:

Wazungu wanawatisha tu ili muuze mashamba. Kitunguu saumu na mafuta ya habbat soda matone matatu asubuhi na jioni ndani ya sikio, uvimbe unayeyuka wenyewe. Nimetibu wengi. Njoo inbox.

sista_wa_masikio:

@mti_shamba_asilia ndugu yangu samahani lakini hapana. Nafanya kazi kliniki ya masikio, wa matone ya kitunguu saumu nawapokea kila mwezi wakiwa wameungua njia ya sikio. Uvimbe huu hauko sehemu matone yanapofika. Matone yanaishia kwenye ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna sikio la kati, nyuma yake sikio la ndani, na neva inatoka hapo inapita kwenye mfereji wa mfupa kuingia kichwani, uvimbe uko HUKO. Hata ukimwaga lita.

@fundi_swichi pole sana kaka. Nikueleze kidogo kilichotokea maana wengi wanatoka kliniki hawajaelewa. Neva ya nane ya kichwa ina sehemu mbili, moja inabeba sauti na moja inabeba mizania ya mwili. Neva zina ganda la seli zinazoitwa seli za Shwani, na kwenye hii sehemu ya mizania ndiko seli hizo zinaanza kuzaliana bila mpangilio, zinabonyea jirani yake wa sauti, ndio unapata mlio na maneno kutoshikika. Hukufanya chochote kusababisha, sio mashine ya kutobolea wala sio simu, na kwa mama mkwe wako mwambie kwa heshima zote hakuna mkono wa mtu hapo. Wengi wanaoupata ni wa umri wa kuanzia miaka 40 kwenda 60, kwa hiyo na wewe umo humo humo.

Jirani mwingine kwenye mfereji huo huo ni neva ya saba, ya uso. Ndio maana madaktari hawakimbilii kisu. Uvimbe mdogo ukikaa kimya hausumbui uso, ila ukishaingia kuutoa kuna hatari ya kuigusa. Kwa hiyo kaka yako ana nia njema sana lakini hizo hela za India msizitumie kwa hofu, kaeni nazo.

Kuhusu kazi: ngazi ndefu, paa, na nguzo, kwa sasa muachie mwenzako. Sio mpaka kifo, ni mpaka tujue mizania yako ikoje.

Bi_Mkubwa_Chumbageni:

Assalam aleykum wanangu. Mimi ni mama wa makamo niko Tanga, wangu ulikuwa mkubwa umevuka sentimita 3 na umeshaegemea shina la ubongo, natembea kama mlevi na nusu ya uso ganzi, mie sikuwa na cha kusubiri. Nilipelekwa India na wanangu, nikapasuliwa nyuma ya sikio, masaa mengi sana, na sikio lile likafa moja kwa moja. Hilo nilishaambiwa kabla kwa sababu njia waliyopita wao inapita katikati ya sikio la ndani, basi nikaliaga.

Ambalo hawakuniambia ipasavyo ni uso. Nimeamka upande wa kulia umelala. Jicho halifumbi, mdomo umeenda kushoto, nikinywa maji yanamwagika, chakula kinajificha kwenye shavu mpaka ukitoe kwa kidole, na mimi ndio mpishi wa shughuli za watu mtaa mzima, mwanamke wa kujipaka wanja huyo! Nimekaa ndani muda mrefu, mgeni akija navuta ushungi. Daktari alisema neva haikukatika, imeshtuka tu, itaamka. Wao wanaupima uso kwa madaraja kuanzia 1 ambao ndio uso wa kawaida mpaka 6 ambao umelala kabisa, mimi nilitoka hospitali nikiwa 5. Miezi ikapita hola. Siku moja mjukuu kanichekesha, akaniambia bibi shavu limeruka. Kweli kwenye kioo naona kama nyuzi inavuta. Sasa hivi nipo daraja la 3, jicho linafumba nikilikaza, nikicheka sana bado kunapinda lakini nacheka.

Nakwambia haya fundi si kukutisha, wako mdogo na huenda usiguswe daima. Nakwambia kwa kuwa mimi hakukuwa na mtu wa kuniambia. Laiti mtu mmoja tu angenipigia simu akasema Bi, na mimi ulilala, subiri utaamka, ningelia nusu ya nilivyolia.

Na jengine muhimu kwa yeyote aliyepasuliwa: ukiona maji meupe kama ya kunywa yanakutoka puani kwenye tundu moja, hasa ukiinama, yana chumvi chumvi, usiseme ni mafua. Hayo ni maji ya ubongo yanavuja. Rudi hospitali hapo hapo usilale nayo, na ikiwa na homa na shingo imekaza ndio kabisa usingoje asubuhi.

mbongo_birmingham:

Mimi nilipigwa mionzi huku Uingereza, Gamma Knife, wacha niseme upande huo maana naona watu wanajua njia mbili tu, kukaa au kukatwa.

Jina linadanganya, hakuna kisu. Asubuhi wanakufunga fremu kichwani kwa skrubu nne, hiyo ndio sehemu mbaya ya siku nzima kusema ukweli japo wanachoma ganzi, halafu MRI, halafu unaingizwa kwenye mashine miale mingi midogo inakutana sehemu moja tu, kwenye uvimbe. Jioni nikarudi nyumbani. Uvimbe HAUTOKI. Watu wengi hawaelewi hili, lengo ni usikue tena, na kwa zaidi ya watu 90 kati ya 100 inafanikiwa. Mingine inanywea taratibu kwa miaka. Ila picha ya kwanza baada ya mionzi inaweza kuonyesha umevimba zaidi, mimi nilitaka kuzimia, mshauri wangu akasema subiri hiyo kawaida, na kweli uliofuata ukarudi chini. Sio kwa wote pia, wakubwa sana hawafai kwa sababu ya huo huo uvimbaji wa mwanzo.

@fundi_swichi ukifika mahali pa kutibiwa usidhani lazima upande ndege kwenda India. Nairobi pale Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wana CyberKnife, ni mionzi ya jamii hiyo hiyo ila bila skrubu, na upasuaji wa ubongo unafanyika Dar kwa maana ya MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Chochote utakachochagua uliza swali moja la bila aibu: daktari wewe MWENYEWE unafanya wangapi wa aina hii kwa mwaka? Huu ugonjwa ni adimu, mkono uliozoea una tofauti kubwa.

Halafu hili alilosema Bi Mkubwa la kupigiwa simu. Huku kuna chama cha wagonjwa wenyewe, BANA, na Marekani kuna chao kilianzishwa mwaka 1981 na mgonjwa, mama mmoja Virginia Fickel Ehr, baada ya kupasuliwa na kukuta hakuna hata karatasi moja ya kumweleza mgonjwa kitu. Mimi nilienda kikao chao nikiwa nimenuna, nikijua ni wazee wa kizungu wanywa chai. Nakuta watu wote mlangoni wanazunguka zunguka meza hawakai. Kumbe kila mtu anatafuta kiti cha kuweka sikio zima upande wa wenzake, na nusu ni kushoto nusu kulia, basi ni vurugu kama daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Nilicheka sijacheka vile tangu niambiwe ninao. Hakuna aliyenipa dawa pale lakini mmoja alinionyesha MRI yake ya kabla na ya baada, mwingine akaniambia uchovu ule wa mchana sio uvivu, ubongo unafanya kazi ya ziada kusikiliza kwa sikio moja na kushikilia mizania, nikampelekea mke wangu simu amsikilize mwenyewe.

wa_kando_ya_superhighway:

😂😂 hiyo ya viti ni ukweli mtupu. Mimi kwa matatu nakaa dirisha upande wa sikio mbovu, sikio nzuri ibaki kwa watu. Church kona ya kulia mbele. Na barabara wueh, na sikio moja huwezi jua gari inatoka wapi, unasikia tu honi dunia yote, kwa hivyo angalia pande zote hata kama ni one way, boda haziheshimu one way.

Fun fact, yule actor wa Hulk, Mark Ruffalo, alikuwa nayo pia. Alitolewa 2001, uso ukalala karibu mwaka mzima, ukarudi, sikio la kushoto likaenda. Hiyo Hulk yote anaigiza na sikio moja. Mwonyeshe mke wako.

mazoezi_tiba_Moro:

Mtaalamu wa mazoezi tiba hapa. Naongezea kwenye kuyumba tu mengine mmeshasema vizuri.

Mwili unakaa wima kwa vitu vitatu, masikio ya ndani, macho, na nyayo. Ukipoteza kimoja viwili vinafundishika kubeba mzigo, lakini vinafundishika kwa KUSUMBULIWA. Mtu anayelala kitandani kwa sababu ya kizunguzungu anachelewa kupona. Tembea kila siku, huku ukitembea geuza kichwa kulia kushoto polepole, kaza macho kwenye kitu kimoja ukutani huku ukitikisa kichwa, simama miguu imebanana karibu na ukuta. Vitakuletea kizunguzungu kidogo, ndio dawa yenyewe. Na hizi Stugeron ambazo watu wanameza miezi na miezi, za siku chache kizunguzungu kikiwa kikali sawa, zaidi ya hapo zinauzubaisha ubongo usijifunze. Ongea na daktari wako kabla ya kuacha lakini ongea.

Giza ndio adui mkubwa maana linakunyima macho. Umeme ukikatika usinyanyuke ghafla, weka tochi karibu na kitanda. Na kuogelea chini ya maji, wale wa pwani, unaweza usijue juu ni wapi, hii sio utani, usizamie peke yako.

Fundi, ngazi fupi ya chini ukiwa na mtu wa kuishika, mchana, huenda utarudi. Nguzo sikushauri.

mama_wawili_Kisumu:

Samahani kuingilia, kijana wangu ana miaka 19 na yeye wameona PANDE ZOTE MBILI. Hii ni hiyo hiyo?

sista_wa_masikio:

Mama pole. Pande zote mbili na umri mdogo ni habari nyingine, hapo madaktari wanafikiria NF2, ugonjwa wa kuota uvimbe kwenye neva, ni wa kijeni, shida iko kwenye kromosomu ya 22. Inaweza kurithiwa au ikaanzia kwake tu bila mzazi kuwa nayo. Anahitaji kupigwa picha ya uti wa mgongo pia, macho yaangaliwe, na ndugu zake wachunguzwe. Ushauri wa humu wa mtu mwenye uvimbe upande mmoja usiuchukue kama ulivyo, kwa sababu kwake kila uamuzi wa sikio moja unaangalia na la pili litakuwaje. Muombe daktari barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa yenye daktari wa masikio na wa upasuaji wa ubongo wanaokaa meza moja. Na aanze kujifunza lugha ya alama mapema akiwa bado anasikia, na nyie nyumbani mjifunze naye.

fundi_swichi:

Wakuu sijui niseme nini. Nimemsomea mke wangu zote usiku, ya Bi Mkubwa tulirudia. Kaka nimemtumia link kasema hela anaziweka SACCOS mpaka picha ya pili, mama mkwe bado hajakubali ila kapunguza. Nimempata kijana wa kupanda ngazi mimi nakuwa chini nafunga bodi na kumuelekeza, japo anakata waya fupi balaa.

Swali lilibaki la mlio, usiku naumia sana.

mbongo_birmingham:

Usilale kimya kimya, ukimya ndio unaukuza. Feni, au redio chini kabisa isiyo kwenye stesheni ile shhhh. Hautaisha ila ubongo unauzoea, siku hizi mimi naukumbuka nikiulizwa tu kama hivi umeniuliza 😅

Naona tumefika wa kutosha, mnaonaje tufungue group la WhatsApp? Masharti yangu mawili, hakuna kuuza dawa na hakuna kuweka picha ya MRI ambayo ina jina la mgonjwa. Atakayetaka anitumie inbox.

binti_wa_Singida:

Naomba kuingia. Mama yangu katoka theatre wiki iliyopita, jicho halifungi kama Bi alivyosema, usiku linabaki wazi. Wametupa matone tu. Tunalifunga na nini?

Bi_Mkubwa_Chumbageni:

Mwanangu pole, mpe mama salamu zangu. Mchana matone ya machozi ya bandia kila mara, usingoje likauke, akitoka nje avae miwani vumbi lisimwingie. Usiku unaweka ile dawa ya mafuta ya jicho ndani ya kope, halafu unalifumba kwa kidole taratibu, hakikisha limefumba kweli, ndio unabandika plasta ya karatasi, ile nyeupe nyepesi, sio ile ya kahawia hiyo itamng'oa kope zote. Usiweke pamba juu ya jicho likiwa wazi linakwaruza. Na kama upande huo una ganzi hatasikia jicho likiumia, kwa hiyo wewe ndio umtazame kila asubuhi kwenye mwanga, ukiona jekundu au limeingia ukungu mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Waulize pia habari ya kuwekewa kidude kidogo cha dhahabu kwenye kope ya juu, kinaishusha kwa uzito wake, kama itachelewa kuamka. Kesho baada ya alasiri nipo, niandikie inbox nikupe namba tuongee na mama mwenyewe, mweke simu sikio linalosikia.